Lenzi ya Kumwona Lusajo

Sheria haituruhusu kusogelea shule. Siku ya kuona watoto, wazazi tunasimama ng'ambo ya bonde, nao wanatolewa uwanjani kiza kikianza kuingia.

Kamera yangu ni ya kampuni ndogo, ambayo haikuwa ikitengeneza lenzi ya kuvuta mbali penye mwanga hafifu. Nilipoiulizia, muuzaji alinicheka, "Atainunua nani, mama? Wewe?"

Kwa hiyo jirani yangu Mama Tuzo, mwenye kamera ya maana, hunitazamia mwanangu. "Lusajo wako yule, anacheka."

Mwaka huu kampuni imeitoa lenzi hiyo. Nikauza kitanda cha Lusajo, nikainunua. Leo nimepitia uso mmoja mmoja.

"Mama Tuzo, yuko wapi?"

Akashusha kamera. "Nisamehe, dada. Mwaka wa pili huu simwoni."

Kengele ikalia. Wazazi wakapunga mikono. Nami nikapunga.