Damu ya Punda wa Mkomani

"Asilimia mbili tu ya vipande tulivyosoma ndiyo iliyokaa kwenye ramani ya jeni za punda," mkubwa wa Rawiya alisema kwa simu kutoka maabara ya Nairobi. "Damu ya punda wenu iliharibiwa na joto pale gatini Mokowe. Naitupa."

Huko Mkomani, Rawiya aliikodolea macho kompyuta. Ng'ambo ya kichochoro, kwenye dirisha la madrasa, kidole cha mtoto kilitambaa juu ya msahafu kutoka kulia kwenda kushoto.

Yeye, aliyejua kusoma kutoka kulia kabla ya kushoto, alikuwa ameiamuru programu isome jeni kwa upande mmoja tu!

Akaigeuza amri isome pande zote mbili, akabonyeza. Asilimia kumi na moja. Arubaini. Sabini na nane!

"Daktari, usitupe! Wallahi jeni zimekaa!"

Kwenye simu, kifuniko cha pipa la taka kikagonga.

"Asilimia ngapi?"

Akamwambia. Kisha akasikia kifuniko kikifunguliwa tena, kwa pupa.