Kidole Kwenye Picha

Kila asubuhi mume wangu hunitumia kiwandani picha ya kipimo cha oksijeni kikiwa kimebana kidole chake. Tisini na saba! Nami hushona nikiimba.

Leo umeme ulikatika, nikarudi mapema. Nilimshika mkono pale kitini. Ulikuwa wa baridi, kucha zimegeuka zambarau.

Daktari alishatuambia sote: oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hujibana, na moyo wake dhaifu hauna nguvu ya kusukuma damu ipite. "Mikono ikipoa, msisubiri. Mleteni."

Nikambania kipimo kidoleni mwenyewe. Themanini na moja.

Nikafungua picha ya asubuhi. Siku zote nilitazama namba tu. Sasa nilitazama kidole: chembamba, na ukingoni mwa ukucha kimebaki kipande cha rangi nyekundu.

Binti yetu alisimama mlangoni, mkono nyuma.

"Baba alinisihi, mama. Hataki kulazwa tena."

"Mmenichezea shere nyumbani kwangu! Tangu lini?"

Mume wangu alifumba macho. Binti ndiye aliyejibu.

"Tangu siku ile uliyorudi kutoka kazini ukiimba."