Tundu Nyuma ya Amplifaya

Amplifaya ya Bi Mashavu, mpiga gitaa, ilikuwa ya zile za zamani, zinazokuza sauti kwa taa za kioo. Joto lake, wanasema, liliwahi kuivisha maandazi ya harusi nzima, lakini sauti yake haikuvuka safu ya pili ya wageni. Mbwana, kiongozi wa bendi, alishamwambia: "Shangazi, leo usiposikika ukumbi mzima, kesho gitaa atapiga mwingine."

Basi kabla wageni hawajaingia, Bi Mashavu akatoboa tundu nyuma ya amplifaya, akafunga soketi. Akavuta waya kutoka kwenye spika ya ndani ya amplifaya, akaupitisha kwenye vipande viwili vya kupunguza nguvu ya umeme mpaka kwenye soketi, sauti iende kwenye mitambo ya spika kubwa za ukumbi bila kuiunguza.

"Sasa hiyo spika ya ndani chomoa," Mbwana akasema.

"Taa hizi zikikosa spika yao zinaungua, mwanangu. Unataka harusi au matanga?"

Akawasha. Taa zikaiva taratibu, nyekundu kama makaa. Akagusa uzi mmoja wa gitaa.

Nyuma ya ukumbi, ambako gitaa lake halikuwahi kufika, wapishi wa pilau waligeuka wote. Mmoja, mwiko ungali mkononi, akaanza kutikisa mabega.