Asilimia Mbili

"Wenye simu za mfumo wa zamani ni asilimia mbili tu. Tuwaache," bosi alisema. Toleo jipya la programu yao ya wakunga lisingefunguka tena kwenye simu hizo.

Fundi wa programu hakubishana. Alimpigia mmoja wa hao wachache, akaweka spika.

"Subiri hapo hapo, mwanangu, mtoto yuko njiani!" mkunga alijibu, akaiweka simu chini bila kuikata.

Wakangoja. Mara kilio chembamba cha kitoto kichanga kikajaa chumba kizima, simu ikitetemeka juu ya meza.

"Huyo wa mia nne na sita!" mkunga alirudi akihema, akijawa na fahari. "Wote nimewaandika kwenye kisimu hiki hiki kikuukuu. Haya, ulikuwa unasemaje?"

Fundi alimsogezea bosi simu. "Mwambie wewe."