Tume ya Uvundo

Paliondokea tangi la kioo sebuleni mwa watu, na maji yake yakaanza kunuka. Perege, samaki mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, akaunda tume na kujiteua mwenyekiti. Mshukiwa wa kwanza akawa Konokono, mfagiaji wa tangi, kwa kosa la kuwa na ute.

"Mzee, mimi ndiye ninayesafisha," Konokono alijitetea.

"Ndiyo maana nakusimamisha kazi, usije ukavuruga ushahidi."

Chakula chote alichodondosha mwenye nyumba kikawa posho ya mwenyekiti. Kilimshinda kukimaliza, na kumgawia mwingine kulimshinda zaidi, basi masalio akayaficha palepale anapoyaficha siku zote. Kufikia kikao cha saba, hata yeye alikuwa akihema.

"Konokono, mwanangu," aliita kwa unyonge, "uvundo huu unatoka wapi?"

"Hebu ondoka kwenye hilo jiwe unalokalia, mzee."

Perege akaondoka. Jiwe likabingirika, na posho za vikao vyote zikaonekana, zimeoza.

Perege akakohoa, akatengeneza mapezi yake.

"Tume imepata chanzo," alitangaza. "Sasa tuchunguze jambo moja tu: Konokono alijuaje?"