Mkasi wa Bure

Shangazi aliinuka na shati lake, akaenda mpaka kwenye meza ya msimamizi, akakata uzi kwa mkasi. Chumba kizima cha cherehani kikageuka kumtazama.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiukata kwa jino. Washonaji wote kumi na tisa walikata kwa jino. Mikasi ilikuwa mitatu tu, imefungwa kwa kamba kwenye meza ya msimamizi, Bwana Funguo, na anayeshona kola mia kwa siku hana muda wa kuinuka kila mshono. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mkato mdogo kwenye ncha ya jino la mbele. Jino hilo, kwa utani wao wa humo chumbani, waliliita mkasi wa bure.

"Leo umekuwa bibi harusi, hutaki kufungua mdomo?" Redio alimtania. Walimwita hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Limepasuka," Shangazi alisema. "Tangu jana."

Mwenye hali mbaya zaidi alikuwa binti wa kaka yake, Kidoti, aliyeketi cherehani ya pili, mdomo wa juu umevimba. Hii ilikuwa siku yake ya nne ya kunywa maziwa kwa mrija.

Mwajiri alikuwa amekubali kuwalipia bima ya meno: mpango mmoja kwa wote, na jibu apewe kesho saa tatu asubuhi. Kazi ya kuchagua walimwachia Shangazi, kama walivyomwachia kila kazi yenye karatasi. Alijifundisha kusoma mwenyewe, kwenye magazeti ya kukatia vipimo vya nguo, na tangu hapo hakuwahi kuruka mstari. Fomu za mwanzo za kuomba bima, mwezi uliopita, alizijaza yeye, zote kumi na tisa, kwa mwandiko wake wa duara. Hakupenda kuona nafasi imeachwa wazi.

Alirudi kwenye kiti chake, akaliweka shati chini ya sindano, akapiga mshono mmoja. Lilikuwa na mkono mmoja bado. Akafungua vijitabu vitatu juu yake.

"Mpango wa Shaba wanang'oa tu," alisema.

"Kung'oa hata fundi baiskeli anang'oa," Redio alidakia.

"Wa Fedha wanatibu mzizi, lakini mpaka usubiri mwaka."

Kidoti alitikisa kichwa, kiganja mdomoni.

"Wa Dhahabu wanatibu siku ya kwanza. Mzizi, kuziba, kufunika lililopasuka. Na mwajiri amesema hata huo atalipa."

Vigelegele vilipasuka. Mtu aligonga meza kwa rula. Kidoti alijaribu kutabasamu, akashindwa, akacheka kwa macho.

Shangazi hakushangilia. Alikuwa amefika ukurasa wa tisa, kwenye herufi ndogo kama ufuta, na kidole chake kilikuwa kimesimama. Alisoma mara mbili kimyakimya. Kisha akasoma kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia.

"'Kwa wafanyakazi wa karakana hii, mpango wa Dhahabu hautalipia jino lolote la mbele lililooza, kuchakaa au kupasuka kwa kutumiwa kama mkasi wa bure.'"

Rula ilitulia.

"Mkasi wa bure," alirudia. "Maneno haya ni ya humu ndani. Hakuna daktari anayeyajua. Kuna mtu amewapelekea." Akageuka. "Redio. Ni wewe."

"Mimi?"

"Mdomo wako hauna mlango."

"Shangazi, ya watu nayasema, sikatai. Nimesema ya shemeji yako, nimesema mpaka ya wigi la mke wa Bwana Funguo. Lakini na langu limo humu humu!" Alifunua mdomo kuonyesha. "Nijifanyie hivi mwenyewe?"

"Kwa kukosa akili, ndiyo."

Redio aliinua kiti chake, akakihamishia dirishani, akawapa mgongo. Hakuna aliyewahi kumwona kimya.

Shangazi alikuwa tayari mbele ya meza ya msimamizi.

"Basi ni wewe. Unatunyima mikasi, kisha unakwenda kutucheka kwa watu wa bima."

"Mama, mimi nilizipiga mhuri fomu tu."

"Mtazame yule mtoto! Usaha umejaa kwenye fizi. Ama ang'olewe jino la mbele, ama augue mwaka mzima, kwa sababu ya neno la mtu mmoja. Nasema mbele ya wote hawa: nikimjua, kesho hakai kwenye cherehani humu. Yeye au mimi."

"Aondoke!" sauti ziliitikia nyuma yake. "Aondoke, hatumtaki!"

Kengele ya saa kumi na moja ililia. Bwana Funguo aliweka kiganja juu ya droo yenye fomu.

"Mama, tuyaache mpaka kesho."

"Fungua droo."

Alizungusha funguo zake moja moja, kana kwamba amesahau iliyo ya droo. Akatoa faili la fomu, akaliweka mezani, akaligeuzia upande wa Shangazi. Kisha akaanza kuzinyoosha kamba za mikasi, ambazo zilikuwa zimenyooka.

Wanawake walianza kufunika cherehani. Ya Shangazi ilibaki wazi, shati la mkono mmoja likining'inia kwenye uzi ambao haujakatwa, na juu yake karatasi ya kuchagua mpango, haijatiwa alama.

Shangazi alilamba kidole, akafunua. *Swali la saba: Eleza chanzo cha tatizo.* Kwenye fomu ya kwanza, na ya pili, na zote kumi na tisa, nafasi ilikuwa imejazwa mpaka ukingoni, kwa mwandiko wa duara.