Mwenye Dawa Apande

"Simama!"

Neno lilimtoka fundi cherehani kabla hajajua kwamba ni yeye aliyelisema. Jukwaani, mume aliyeinua mkono akaganda hivyo hivyo, na mke aliyejikunyata kando ya meza akainua kichwa kuona nani amemwokoa.

Ndivyo mchezo ulivyochezwa pale. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la magunia: viti vya plastiki, pazia la mashuka mawili yasiyofanana hata rangi, na kiingilio kisichozidi bei ya chumvi na kiberiti. Mtazamaji akichoshwa na anayoyaona, anapiga kelele, mchezo unasimama, naye anapanda kushika nafasi ya mnyonge aonyeshe yeye angefanyaje.

"Mwenye dawa apande!" mwongozaji akaita, kipaza sauti mkononi.

"Nenda, shoga," mwanamke wa kiti cha jirani akamsukuma begani. "Kamnyooshe huyo. Ingawa mwigizaji mwenyewe siwezi kumchukia, wallahi. Si ndiye aliyepigania kiingilio kishuke, na sisi tuingie?"

Fundi alikuwa amejitanda mtandio hadi machoni. Mumewe alishampiga marufuku kukanyaga pale, na alasiri hiyo mumewe alikuwa kazini. Jumamosi kadhaa alikuwa amekaa safu ya nyuma akitazama wanawake wenzake wakipanda kusema maneno ambayo yeye nyumbani yalimkwama kooni. Muuza mboga alipanda. Mwalimu alipanda. Wote walirudi vitini wakicheka.

Yeye hakutaka kucheka. Alitaka atamke mbele za watu kwamba kwa yule mwanamume harudi tena, wawepo mashahidi. Alipomwambia dada yake, dada alisema anatia chumvi. Mama mkwe alimwambia avumilie, ndoa ni ndoa. Basi leo angewaambia watu wasiokuwa ndugu zake, huenda wakawa na masikio.

Akapanda, akashusha mtandio.

Mwigizaji wa nafasi ya mume akamtazama, na mkono ukamshuka wenyewe. Watazamaji wakaguna kwa raha. Bingwa wao, hata kushtuka alikujua.

"Chakula kiko wapi?" akasema hatimaye. Ndivyo mchezo ulivyotaka aseme.

"Sijapika. Na sipiki tena." Akanyoosha mkono watu wauone. "Mkono huu ulipovunjika niliwaambia watu nimeteleza bafuni. Jino hili likang'oka, nikasema nimejigonga mlangoni. Mlango gani huo unaojua kukunja ngumi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mpe vidonge vyake!" akapaza yule jirani wa kiti.

"Umemaliza?" mwigizaji akauliza taratibu.

Fundi akamgeuzia mgongo, akawaelekea watu. Alishafika mbali mno kurudi nyuma.

"Jamani, mimi siigizi. Haya ni maisha yangu. Leo sirudi nyumbani, maana nikirudi nitauawa. Naomba mmoja wenu anichukue, hata kwa siku chache tu. Najua kushona, sitakuwa mzigo."

Muuza tiketi, kule mlangoni, akafuta machozi kwa kiganja.

Kisha makofi yakalipuka. Watu walipiga miluzi, wakapiga miguu chini mpaka vumbi la ghala likatimka. Mwongozaji alikuwa analia waziwazi. "Kipaji chote hiki," akasema, "kilikuwa kimejificha wapi?"

"Siigizi, nawaambia! Nisikilizeni!"

Makofi yakazidi. Fundi alisimama pale mikono inaning'inia, akitafuta uso mmoja tu ambao ulikuwa haucheki wala haulii. Hakuuona.

Mwigizaji akaja nyuma yake, akamzungushia mkono mabegani. Akapokea kipaza sauti kutoka kwa mwongozaji, akasubiri watu watulie, na akatabasamu lile tabasamu lake walilolipenda.

"Mniwie radhi, jamani, sikuwaambia mapema. Huyu ni mke wangu. Tumefanya sana mazoezi nyumbani."

Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia.